Kipuri Kipya, Hitilafu Mpya: Kutafuta Chanzo Baada ya Kubadilisha Vifaa vya Baiskeli

Mtu hununua mnyororo mpya asubuhi, huufunga kabla ya mchana, na jioni baiskeli iliyokuwa ikienda vizuri kwa mnyororo wa zamani inaanza kuruka meno kila anapokanyaga kwa nguvu. Lawama humwangukia muuza duka, na kipuri hurudishwa kikiwa kimejaa grisi, ilhali mara nyingi hakina kasoro yoyote. Kipuri cha baiskeli hakifanyi kazi peke yake: huumana na kingine kilichokwisha kulika, au huingizwa kwenye nafasi ambayo kipimo chake kinatofautiana nacho kwa milimita chache tu. Mwongozo huu unafuata dalili zinazojitokeza baada ya kubadilisha kifaa, na unahusu hasa baiskeli ambazo wengi wetu tunaziendesha, yaani zile nyeusi za magurudumu ya inchi 28 zenye breki za vyuma, mitumba inayotoka Japani, na zile zenye gia.

Kipuri cha zamani kisitupwe hadi kipya kiwe kimethibitika barabarani, kwa sababu ndicho kitakachokueleza kipimo na namna uchakavu ulivyotokea. Vilevile, usibadilishe vifaa viwili kwa mkupuo mmoja bila kuijaribu baiskeli katikati, kwani dalili ikitokea hutajua ni kipi kilichoileta.

Mnyororo mpya unaruka

Tofautisha kwanza mruko wa nguvu na mruko wa zamu, maana vyanzo vyake ni viwili tofauti kabisa.

Mruko wa nguvu hutokea unapokanyaga kwa uzito, hasa mlimani au ukiwa umepakia mzigo, na hupotea unapoendesha kwa wepesi kwenye tambarare. Chanzo chake karibu kila mara ni friwili iliyolika, yaani ile gia ya meno kwenye gurudumu la nyuma. Umbali kutoka pini moja ya mnyororo hadi inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kadiri pini zinavyolika ndivyo umbali huo unavyoongezeka, na meno ya friwili nayo hulika kwa kuufuata mnyororo uliorefuka, hivyo viwili hivyo huzeeka pamoja na kuendelea kuelewana. Ukileta mnyororo wenye kipimo sahihi, roli zake, yaani vile vipete vinavyozunguka pini, hazipati tena pa kutulia katika mabonde ya meno; hupanda kwenye mteremko wa jino na kuteleza juu yake. Kwa baiskeli yenye gia kuna ushahidi ulio wazi zaidi: mnyororo huruka kwenye meno yale tu ambayo umezoea kuyatumia kila siku, na kwenye meno mengine hushika barabara.

Thibitisha kwa kuupima mnyororo wa zamani kwa rula ya chuma. Unyooshe, weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu nafasi 24. Kwa mnyororo mpya, pini ya mwisho hukaa kwenye inchi 12 kamili. Ikiwa imepita kwa 1/16 ya inchi, mnyororo umefika wakati wa kubadilishwa lakini friwili huenda bado inafaa. Ikiwa imepita kwa 1/8 ya inchi, friwili nayo haina budi kubadilishwa, na sproketi ya mbele ikaguliwe kama meno yake yamechongoka na kuinama upande mmoja. Kipimo hiki huchukua dakika moja, na ningependa kila mwenye baiskeli akijue, kwa kuwa anayebadilisha mnyororo mapema huiokoa friwili, na anayechelewa hulipia vyote viwili.

Mruko wa zamu haujali nguvu. Hutokea kwa vipindi vilivyo sawa hata unapokanyaga taratibu, kwa sababu kuna kiungo kimoja kigumu kisichokunjika vizuri, na kwa kawaida ni kile ambacho pini yake ilisukumwa wakati wa kufunga. Chukua mfano wa mnyororo wa viungo 112 unaozungushwa na sproketi ya meno 48: kiungo hicho kitapita mahali pale pale kila baada ya mizunguko miwili na theluthi moja ya pedali. Zungusha pedali polepole huku ukiangalia mnyororo unavyotoka kwenye friwili, nawe utakiona kikijikunja vibaya. Kishike kwa mikono miwili, ukipinde kidogo kushoto na kulia, na ukitie tone la mafuta. Mara nyingi hulegea hapo hapo.

Ikiwa mnyororo haukai kabisa chini ya meno bali unaelea juu yake tangu mwanzo, angalia upana. Baiskeli isiyo na gia kwa kawaida hutumia mnyororo wa 1/8 ya inchi, na zenye gia hutumia wa 3/32 ya inchi au mwembamba zaidi. Mnyororo mwembamba hauwezi kumeza jino nene, hata ukiugonga. Mnyororo wenye klipu kwenye kiungo cha kuungia utazamwe pia mwelekeo wake: upande wa klipu uliofungwa ndio unaopaswa kutangulia mnyororo unapokwenda mbele, maana ukigeuzwa, klipu inaweza kukwama kwenye kitu na kuchomoka.

Mnyororo unaokaza na kulegea kwa zamu katika baiskeli isiyo na gia hautokani na mnyororo wenyewe. Sproketi haikukaa katikati, au imepinda. Tafuta mahali panapokaza zaidi, na hapo ndipo urekebishe gurudumu la nyuma ili mnyororo ucheze kiasi cha sentimita moja juu na chini.

Tairi jipya haliingii, au linaingia kwa urahisi mno

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi inadanganya. Inchi 26 ya baiskeli ya milimani na inchi 26 ya baiskeli ya mjini kutoka Japani ni vipimo viwili visivyohusiana. Tairi lililoandikwa 26 × 1.95 hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 559, na lililoandikwa 26 × 1 3/8 hukaa kwenye ringi ya milimita 590. Tofauti ya milimita 31 haiwezi kushindwa kwa bisibisi wala kwa magoti ya fundi. Shika kanuni hii: tairi la desimali na tairi la sehemu havibadilishani, hata kama namba ya kwanza ni ile ile.

Namba ya kuamini ni ile ndogo yenye kistari, ambayo hutangulia kwa upana na kumalizia kwa kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Baiskeli nyeusi ya inchi 28 × 1 1/2 ni 40-635. Ile ya inchi 28 × 1 5/8 × 1 3/8 ni 37-622, na kipenyo hicho cha 622 ndicho pia cha magurudumu yanayoitwa 700C na yale ya inchi 29. Baiskeli nyingi za akina mama kutoka Japani ni 37-590, na nyingine ni 27 × 1 3/8, yaani 37-630. Hii ya mwisho ndiyo inayotesa, kwa kuwa tairi lake ni adimu na macho huliona sawa na lile la inchi 28.

Niliwahi kufunga tairi la 635 kwenye ringi ya 630 kwa sababu duka lilikuwa na hilo tu. Liliingia kwa vidole bila kutumia nguvu, nami nikaridhika. Nilipoanza kupampu, ukingo wake ulipanda taratibu juu ya ringi upande mmoja, tyubu ikachungulia na kupasuka kwa kishindo kabla sijawahi kufungua valvu. Tangu siku hiyo, tairi linaloingia kwa urahisi mno naliogopa kuliko linalokataa. Linalokataa huharibu dakika zako tu, lakini linaloingia ovyo huweza kuchomoka ukiwa kwenye mteremko.

Tairi la kipimo sahihi nalo linaweza kudundadunda kama lina nundu. Tazama ule mstari mwembamba unaozunguka ubavu wake karibu na ringi: unapaswa kuwa umbali ule ule kutoka kwenye ringi pande zote. Mahali unapozama ndipo ukingo haujatoka vizuri. Toa upepo, paka maji ya sabuni hapo, uvute kwa mikono, kisha upampu tena bila kuzidisha kiwango kilichoandikwa kwenye tairi.

Tyubu mpya inapoteza upepo

Kabla ya kutoa tyubu, weka alama kwenye tairi mahali valvu ilipo, ili tundu likionekana ujue lilikuwa likitazamana na sehemu gani ya ringi au tairi. Kisha acha tundu lenyewe lieleze chanzo chake. Tundu lililo upande wa ndani, unaoegemea ringi, linatokana na kichwa cha spoki au na utepe wa ringi uliohama. Matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka yanaonyesha kwamba tyubu ilibanwa kati ya ringi na jiwe kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Tundu la upande wa nje lina mwiba, na mwiba huo huenda bado umo ndani ya tairi, ukisubiri tyubu inayofuata. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kwani kitambaa hunasa pale ambapo vidole vingechanika.

Mpasuko kwenye shina la valvu unaelekeza kwingine. Tyubu yenye valvu nyembamba, inayohitaji tundu la milimita 6, ikiingizwa kwenye ringi yenye tundu la milimita 8 lililotobolewa kwa ajili ya valvu ya aina ya gari, hubaki ikicheza na kukatwa na ukingo wa tundu. Baiskeli nyeusi na zile za Japani hutumia valvu ya kizamani yenye mpira mwembamba uliovalishwa kwenye kipini cha ndani, na mpira huo ukiwa umekauka dukani huvujisha upepo polepole hata kama tyubu haijaona barabara. Chovya kidole kwenye mate au maji, ukiweke kwenye mdomo wa valvu, na uangalie kama povu linapanda. Mpira huo hugharimu kidogo sana, na inasikitisha kuona tyubu nzima zikitupwa kwa ajili yake.

Pedali mpya inakaza nusu, au mguu unahisi mgongano kila mzunguko

Pedali ya kushoto hufungwa kinyume na kawaida. Pedali nyingi zina herufi L kwa kushoto na R kwa kulia, zikihesabiwa kwa upande wa mwendeshaji aliyeketi, na zote mbili, kulia na kushoto, hukazwa kwa kuzungusha kuelekea mbele ya baiskeli. Pedali inayoingia mzunguko mmoja na kugoma isilazimishwe, kwa maana chuma kigumu cha pedali kitazikata nyuzi za mkono wa alumini bila wewe kuhisi. Ipake grisi, ianze kwa vidole, na spana ije mwishoni. Ikiwa haiingii hata kwa vidole upande ulio sahihi, pima unene: pedali nyingi za baiskeli za watu wazima ni 9/16 ya inchi, na baadhi ya baiskeli za watoto hutumia 1/2 ya inchi.

Mgongano unaohisiwa mara moja katika kila mzunguko, kana kwamba mguu umetumbukia kidogo, hutoka kwenye mkono wa pedali wenyewe. Katika baiskeli nyeusi mkono huo hushikwa na kotapini, ambayo ni kabari yenye bapa upande mmoja. Wengi huifunga kwa kukaza nati, lakini nati haivuti kabari ndani. Kazi yake ni kuizuia isirudi. Kabari huingia kwa nyundo, na wakati wa kugonga, mkono wa pedali uegemezwe juu ya bomba zito la chuma lililosimamishwa chini, ili kishindo kisiangukie gololi za ekseli. Bapa la pini likikaa vibaya au likiwa dogo, lichongwe kwa tupa kidogo kidogo hadi liguse ekseli kwa uso wake wote. Endesha siku chache, gonga tena, kaza nati tena. Kotapini mpya huhitaji kugongwa na kukazwa mara ya pili, na hilo si kasoro. Kama mikono miwili ya pedali haikai katika mstari mmoja, pini zimeingizwa kutoka upande ule ule, nazo zinapaswa kuelekea kinyume.

Katika baiskeli za kisasa zenye ekseli ya pembe nne na mikono ya alumini, mkono uliowahi kuendeshwa ukiwa umelegea hupanuka tundu lake moja kwa moja. Bolti mpya haitausaidia, wala kukaza zaidi. Mkono ubadilishwe.

Raba mpya za breki zinalia au hazishiki

Kilio hupungua sana ukiziinamisha raba kidogo ili ncha ya mbele iguse ringi kabla ya ya nyuma, kwa unene wa kadi ya simu hivi. Kutoshika kuna vyanzo vingi zaidi. Ringi yenye grisi ya vidole vya fundi ioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Ringi ya chuma iliyopakwa kromu hupoteza uwezo mkubwa wa kusimama inaponyesha, raba iwe mpya au kuukuu, na mwendeshaji wa abiria anapaswa kuijua tabia hiyo kabla ya masika, abonyeze breki mapema ili maji yafutike kwanza.

Ikiwa umebadilisha mikono mirefu ya breki ya gurudumu na kuacha kishikio cha zamani, na sasa kishikio kinafika hadi kwenye usukani kabla breki haijauma, vipimo vya mvuto havilingani. Breki za mikono mirefu zinazovutwa na waya kutoka ubavuni zinahitaji kishikio kinachovuta waya mwingi, takriban mara mbili ya kile cha breki za zamani. Hakuna marekebisho ya skrubu yatakayoziba pengo hilo. Vibadilishwe kwa jozi.

Breki za diski zina desturi yake. Pedi mpya ni dhaifu hadi zizoeshwe kwa kufunga breki mara 20 au 30, kutoka mwendo wa wastani hadi karibu kusimama, bila kulifunga gurudumu kabisa. Pedi zilizonyunyiziwa mafuta ya mnyororo haziponi kwa kufutwa juu juu, na kulia kwake hakukomi. Zibadilishwe, na diski isafishwe kwa spiriti kabla ya kufunga mpya.

Gia zinasitasita baada ya kubadilisha waya

Waya mpya hukaa sawa baada ya siku chache, pale ganda lake linapojipanga kwenye vishikio, na mvutano hupungua. Mnyororo ukichelewa kupanda kwenye meno makubwa, zungusha kile kirungu cha kurekebishia mvutano wa waya kinyume cha saa kwa nusu mzunguko, ujaribu, urudie. Ikiwa gia za kati zinakubali na za pembeni zinakataa, au kinyume chake, kagua kama chuma kinachoning'iniza kibadilisha gia kimepinda, jambo la kawaida kwa baiskeli iliyosafiri juu ya basi.

Balbu mpya zinaungua, au taa haiwaki kabisa

Dainamo ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3, ambazo hugawanywa kuwa wati 2.4 mbele na 0.6 nyuma. Balbu ya nyuma ikifa, umeme wote huelekea kwenye ya mbele, volti hupanda ukiteremka kwa kasi, na balbu mpya huungua usiku ule ule. Kwa hiyo anayelalamika kwamba balbu za mbele hazidumu aanze kwa kukagua taa ya nyuma. Balbu yenye wati zisizolingana huleta matokeo kama hayo.

Taa ambayo haiwaki kabisa, huku dainamo ikizunguka, mara nyingi imekosa njia ya kurudi. Katika baiskeli nyingi waya ni mmoja tu, na umeme hurudi kupitia fremu. Rangi mpya chini ya kishikio cha taa au cha dainamo huukata. Kwangua rangi kidogo mahali bolti inapogusa, hadi chuma king'ae, kisha ukaze. Ikiwaka mchana na kufifia kwenye mvua, kichwa cha dainamo kinateleza kwenye tairi, hivyo kisogezwe kiguse ubavu kwa uso wake wote na mhimili wake uelekee katikati ya gurudumu.

Kabla ya kukirudisha dukani

Mwenye duka hukubali kwa wepesi kipuri kisicho na alama ya spana, na hilo linawezekana ikiwa majaribio ya kwanza yanafanyika kwa mikono mitupu. Tairi lilinganishwe na la zamani kwa kuyalaza moja juu ya jingine. Pedali ianzishwe kwa vidole tu. Nguzo ya kiti ipimwe kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), kwani iliyo nyembamba kwa milimita 0.2 huingia vizuri kisha huzama taratibu chini ya uzito wa mtu. Ringi mpya ihesabiwe matundu kabla hata ya kulipwa: baiskeli nyingi nyeusi hufuata desturi ya spoki 32 mbele na 40 nyuma, na ringi ya matundu 36 haina mahali pa kukaa katika kitovu cha gurudumu lolote kati ya hayo mawili.